Aibu ya Ujana katika Uigizaji wa Mtu Mmoja

Katika My Girlfriend's Boyfriend, mchezo wa mtu mmoja ulioonyeshwa New York mwaka 2011 na kutolewa kama filamu mwaka 2013, mchekeshaji wa Marekani Mike Birbiglia anasimulia jinsi alivyopanda bembea ya mashine, angali mvulana wa shule, pamoja na msichana aliyempenda, akatapika. Kisa chenyewe ni chepesi. Uzito wake umo katika usimulizi: msanii hayakimbilii matapishi, bali huzungukazunguka kama bembea ile ile, na hadhira, iliyokwisha kung'amua mwisho, hucheka kwa hofu kabla ya tukio. Aibu ya mvulana mmoja huwa mali ya ukumbi mzima.

Hapo ndipo kasoro inapojitokeza pia. Utani, kama ujulikanavyo Afrika Mashariki, una pande mbili: mtaniwa hujibu, na pengine humshinda mtani wake. Jukwaani msichana hana zamu ya kusimulia. Birbiglia hujicheka yeye, wala si huyo msichana, na huo ni uungwana. Lakini hadhira hutoka ukumbini ikijua alivyotazamwa, isijue alichokiona.