Sungura Aliyesahauliwa na Panya Aliyeshinda

Yuko panya mmoja wa kuchorwa ambaye sura yake imefika hata vijijini. Ana masikio mawili ya mviringo, suruali fupi nyekundu, na viatu vikubwa kupita miguu yake. Huonekana katika mashati ya mitumba, katika mifuko ya watoto wa shule, katika vikombe na saa. Jina lake ni Mickey Mouse, na kwao ni Marekani. Watoto wetu humtambua mara moja, ijapokuwa wengi wao hawakuona hata sinema moja ya hadithi zake. Jambo hili lastahili kufikiriwa. Mtu wa hadithi hupata sifa kwa sababu watu wameisikia hadithi yake. Basi huyu amepataje sifa kwa watu wasiojua habari zake?

Nataka kuuliza ni kitu gani kimfanyacho mnyama wa kuchorwa awe alama ya mali kubwa, yaani alama ya sinema, vitabu, michezo na bidhaa zote zitokazo katika hadithi moja. Wengi hujibu upesi kwamba ni uzuri wa picha. Mimi naona jibu hilo ni pungufu, na shahidi wangu ni sungura.

Mwaka 1927 Walt Disney na mchoraji wake Ub Iwerks walitunga sungura aitwaye Oswald, na sinema zake zikatolewa na kampuni ya Universal. Watu walimpenda. Mwanzo wa mwaka 1928 Disney alisafiri mpaka New York kumwomba Charles Mintz, aliyekuwa mtu wa kati baina yake na kampuni ile, amwongezee fedha za kazi. Akaambiwa atapewa pungufu ya zile za kwanza. Tena akatambua kwamba Mintz amekwisha kuwavuta wachoraji wake wengi, na ya kuwa sungura mwenyewe si mali yake, ni mali ya Universal. Akarudi mikono mitupu. Ndipo yeye na Iwerks wakamchora panya.

Sasa, msomaji, uwaweke wanyama hao wawili pamoja. Wote wawili ni weusi wenye uso mweupe, wote wana kichwa cha mviringo, mikono myembamba kama kamba, na suruali fupi. Ondoa masikio marefu utie ya mviringo, badili na mkia, na sungura amekuwa panya. Mkono uliowachora ni mmoja, na miaka yao ni karibu ile ile. Walakini Oswald aliendelea katika mikono ya watu wengine, mfululizo wa sinema zake ukakoma mwaka 1938, akasahauliwa. Na panya akaenea dunia nzima. Kama uzuri wa picha ungalitosha, ndugu hawa wawili wangalikwenda sawasawa.

Basi ni nini kilichowatenga? Naona mambo matatu.

La kwanza ni sauti. Sinema mbili za kwanza za panya huyu zilichorwa bila sauti, wala hazikupata mnunuzi. Ya tatu, iitwayo Steamboat Willie, ilifanywa pamoja na muziki na sauti zilizopatana barabara na mwendo wa picha, ikaonyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928. Watu walimwona panya akipiga mluzi, na mluzi wenyewe wakausikia. Tafadhali angalia kwamba panya huyu ni yule yule aliyekataliwa miezi michache iliyotangulia. Uso wake haukubadilika. Alipewa sauti, na kwa sauti akaonekana kuwa hai.

La pili ni kuwa na mwenyewe. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na Disney, akiisha kunyang'anywa sungura, hakukubali tena kazi yake iwe mali ya mwingine. Mwaka 1932 alimpa Kay Kamen kazi ya kusimamia ruhusa za kutia sura ya panya katika bidhaa. Mwaka 1933 zikatoka saa za Ingersoll, ambazo mikono ya panya ndiyo mishale yake, ikionyesha saa na dakika. Tangu hapo panya alikuwa na mlinzi, na hapana aliyeweza kumtumia ila kwa ruhusa.

La tatu ni umbo rahisi. Masikio yake ni duara mbili, na hata akigeuza kichwa upande gani, masikio hubaki duara mbili. Jambo hili halipatani na maumbile, walakini lapatana sana na biashara. Mtoto aweza kumchora kwa kuzungusha kalamu katika sarafu tatu, moja kubwa na mbili ndogo, na kila aonaye atasema, Huyu ndiye. Hapa nakubali kwamba picha ina kazi yake. Lakini kazi hiyo ni kutambulikana, wala si kupendwa. Mtu aweza kutambulikana na kila mtu asipendwe na yeyote.

Hayo ndiyo yaliyompandisha panya. Sasa tutazame gharama yake, maana biashara kama hii haifanyiki bure.

Katika Steamboat Willie panya alikuwa mtundu kweli kweli. Alimvuta paka mkia apate kulia, na meno ya ng'ombe akayapiga kama marimba. Ukali huo haukuwa mzuri, lakini ulikuwa tabia, na mtazamaji alitaka kujua atafanya nini baadaye. Walakini kadiri sura yake ilivyozidi kuuzwa, ndivyo tabia yake ilivyozidi kupunguzwa. Wazazi walinung'unika walipomwona akifanya ukorofi, na mwenye kuuza kikombe cha mtoto hapendi picha iliyo juu yake ilaumiwe. Basi hasira akapewa bata Donald, aliyetokea mwaka 1934. Uzembe na kukosakosa akapewa mbwa Goofy. Panya akabaki na adabu peke yake. Hata uso wake ukafuata njia hiyo. Mwaka 1979 Stephen Jay Gould, mtaalamu wa elimu ya viumbe, aliandika ya kuwa kichwa na macho ya panya yalizidi kuwa makubwa mwaka baada ya mwaka, na miguu yake kuonekana minene na mifupi, hata akafanana na mtoto mdogo. Alianza kama kijana mtukutu, akaendelea akirudi utotoni.

Matokeo yake ni haya. Mwaka 1953 ilitoka sinema iitwayo The Simple Things, na baada ya hiyo panya hakupata sinema mpya katika majumba ya sinema mpaka Mickey's Christmas Carol ya mwaka 1983. Miaka 30! Mwimbaji akinyamaza miaka 30 watu humsahau. Panya hakusahauliwa hata kidogo. Katika miaka ile ile sifa zake ziliongezeka, kwa kipindi cha watoto katika televisheni, na kwa bustani kubwa ya michezo iliyofunguliwa California mwaka 1955. Maana yake ni nini? Ni kwamba hadithi ilikuwa haihitajiwi tena. Panya alikuwa amekwisha kuwa kama bendera, na hapana mtu aiombaye bendera imsimulie kisa.

Mfikirie sungura wa hadithi zetu, yule wanaosimuliwa watoto jioni. Hana sura moja. Hapana ajuaye kama avaa suruali ama havai, wala hapana kampuni imlindayo. Kila bibi humsimulia kwa namna yake. Lakini sote twaijua tabia yake: ni mdogo, ni mwerevu, hudanganya wakubwa, na mara nyingine werevu wake humponza mwenyewe. Sungura huyu ana tabia bila sura, na panya wa Marekani ana sura iliyobaki na tabia kidogo sana. Wote wawili wanaishi, lakini maisha yao si ya namna moja.

Labda msomaji ataniuliza, Je, ni sharti basi kila mnyama wa alama awe mtupu? Nami nasema sivyo, na mfano wangu watoka Ujapani.

Tarehe 27 Februari 1996 ulitoka huko mchezo wa Pokémon, wa kuchezwa katika chombo kidogo cha mkononi cha kampuni ya Nintendo. Ndani yake mlikuwa na viumbe 151 wa kukamatwa na kufugwa. Mmoja wao, Pikachu, aliyechorwa na Bibi Atsuko Nishida, alikuwa namba 25 tu, kiumbe mdogo wa manjano mwenye mashavu mekundu yatoayo umeme. Hakuwa mkuu wa wenzake. Katika hadithi ya kwanza ya picha iliyochapwa juu ya mchezo ule, aliyetangulizwa kuwa rafiki wa mhusika mkuu ni mwingine, Clefairy, mwenye rangi ya waridi, mviringo na laini. Kwa uzuri wa picha, sioni kama Clefairy alipungukiwa na kitu.

Tarehe 1 Aprili 1997 ilianza hadithi yao katika televisheni, na Pikachu akapewa kuwa mwenzi wa kijana aitwaye Ash. Sasa angalia jinsi alivyoingizwa. Viumbe wote wa mchezo ule hukaa katika mpira mdogo na kubebwa mfukoni. Pikachu alikataa kuingia. Tena alimdharau bwana wake na kumpiga kwa umeme. Wala hawakuwa marafiki mpaka kijana alipojitia hatarini kwa ajili yake. Nalo neno lake ni jina lake tu, alitamkalo kwa furaha, kwa hasira na kwa huzuni. Na sauti hiyo ya Bibi Ikue Otani imeachwa kama ilivyo katika tafsiri nyingi. Hapa naona jambo kubwa. Kukataa kule kulikuwa tabia, na kulionekana kila siku, maana kila alipotembea nje ya mpira mtoto alikumbuka kwamba huyu hatii kwa kulazimishwa. Urafiki wake ulipatikana kwa gharama, ndiyo sababu ulithaminiwa.

Walakini hata yeye hakuachwa. Mwaka 2023 hadithi ya Ash na Pikachu wake ilimalizika. Katika hadithi iliyofuata wenye mali walitia Pikachu mwingine, aliyevikwa kofia ya nahodha. Waliweza kumwacha kijana, lakini hawakuthubutu kuiacha sura ya manjano. Mtoto aliyelia kwa ajili ya urafiki ule atajua kwamba sura ni ile ile, na mwenye sura siye.

Hukumu yangu basi ni hii. Umbo rahisi na mlinzi mwangalifu huweza kumfikisha mnyama wa kuchorwa kila duka la dunia. Lakini kitu kilichowafanya watu wampende kwanza ni tabia yenye ncha, na ncha hiyo ndiyo wauzaji waikatayo upesi, kwa kuogopa hasara. Vijana wetu wanaojifunza kuchora wasianze na macho makubwa. Waulize kwanza, Kiumbe huyu akataa nini? Nasi wazazi, mtoto akitaka shati la panya, si kosa kumnunulia. Lakini tumsimulie na hadithi, asije akadhani kuitambua sura ni sawa na kumjua mwenye sura.

Tena yako mambo mawili ya kusikia. Mwaka 2006 kampuni ya Disney ilimrudishia nyumbani sungura Oswald, kwa mapatano ambayo ndani yake mtangazaji wa michezo Al Michaels aliruhusiwa kwenda kampuni nyingine. Na tarehe 1 Januari 2024 haki ya sinema ya Steamboat Willie ilikwisha katika Marekani, hata panya wa sinema ile aweza kutumiwa na yeyote huko. Panya aliyeachiwa ni yule mtundu wa mwaka 1928, apigaye mluzi na kuvuta mkia wa paka. Yule mwenye adabu wa siku za baadaye bado analindwa. Sisi tutazamao hatukupewa aliye mbaya zaidi.

Haya ndiyo niliyoyaona. Mwenye neno la kuongeza na aandike.