Sifa za Mlinzi

Anayecheza gemu la kunyatia humsifu jasusi. Mimi namsifu mlinzi: yule bwana asiye na jina anayezunguka ghala usiku kucha, anasimama, anageuka, anapiga mwayo, kisha anaendelea na mzunguko wake. Jasusi ndiye anayewekwa kwenye jalada, lakini mlinzi ndiye aliyewatoa mafundi jasho. Asipotengenezwa vizuri, giza lote la gemu ni rangi nyeusi tu kwenye kioo.

Hapa Kalangalala, katikati ya mji wa Geita, magemu ya namna hii hayana soko kubwa. Vibanda vya magemu vinaishi kwa mpira. Wawili wanashika pedi, mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha anayesubiri. Biashara hiyo haimvumilii mtu aliyechuchumaa nyuma ya pipa akingoja askari ageuke, maana muda wa kungoja nao unalipiwa. Ndiyo sababu wengi wetu tulikutana na ufundi huu kwa mlango wa pembeni, ndani ya Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, pale mhusika wake mkuu, CJ, anapotumwa kwenye jumba la mwanarap Madd Dogg kuiba daftari la mashairi. Gemu zima ni bunduki na magari ya wizi, halafu ghafla unaambiwa upite kivulini kwa adabu. Waliokuwa wakishangilia magoli wananong'ona. Kinachowanyamazisha ni walinzi wachache wa kuchorwa, ambao hawana habari kwamba wanatazamwa.

Ufundi wa kumtengeneza mlinzi ulianza kwa uhaba. Hideo Kojima, kijana wa Kijapani aliyeajiriwa na kampuni ya Konami, alipewa kazi ya kutengeneza gemu la vita kwa ajili ya kompyuta ya MSX2. Mashine ile ilielemewa maadui na risasi vilipojaa kwenye kioo. Kojima akaamua maadui wawe wachache, na mchezaji ashinde kwa kujificha. Likatoka Metal Gear, mwaka 1987. Walinzi wake waliona mbele yao tu, kwa mstari ulionyooka. Ukipita ubavuni, hawana habari nawe. Lakini mmoja akikuona, alama ya mshangao ilichomoza juu ya kichwa chake. Alama hiyo ndogo ilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu kilichomo kichwani mwa adui kiliwekwa hadharani.

Mwaka 1998 studio ya Looking Glass ya Marekani ikatoa Thief, na mlinzi akapata masikio. Ukikanyaga marumaru au bati, hatua zinalia. Ukikanyaga zulia au majani, zinamezwa. Sauti inapita milangoni na kwenye korido kama inavyopita ndani ya nyumba ya kweli. Mlinzi naye hashtuki mara moja. Akisikia kidogo, anasimama na kuuliza kwa sauti ni nani yupo. Akisikia tena, anakuja kutazama. Asiposikia kitu, anajituliza na kurudi kwenye lindo lake. Mafundi wale walikuwa wamemtengenezea mlinzi shaka, na shaka ni ngumu kuitengeneza kuliko ujuzi.

Splinter Cell, iliyotengenezwa na Ubisoft huko Montreal mwaka 2002, ikaongeza mwanga. Sam Fisher, jasusi wake mwenye miwani ya taa tatu za kijani, huishi kwa kupima kivuli. Kila balbu ni hesabu: uipasue, au uiache kwa sababu kuzimika kwake kutamshtua mlinzi? Ila sehemu ninayoipenda kuliko zote ilikuja mwaka 2005, katika toleo la Chaos Theory. Humo kuna kipimo cha kelele chenye alama mbili: kelele zako, na kelele za mahali ulipo. Zako zikiwa chini ya za mahali, hakuna anayekusikia. Unangoja radi ipige ndipo uvuke; unapita karibu na mashine inayonguruma badala ya kuikwepa. Mtu wa Geita haelezwi hilo mara mbili. Karasha likiwa linasaga mawe ya dhahabu, unaweza kusimama mlangoni ukamwita mwenye nyumba mpaka koo likauke. Likizimwa, hata ndala zako zinakusaliti.

Mtazame basi kijana mwenye pedi anapolicheza. Kidole gumba kimekisukuma kijiti kidogo sana, kiasi cha kumfanya Fisher atambae. Mbele yake kuna mgongo wa mlinzi, hatua chache tu. Mlinzi anasimama. Kidole kinaachia kijiti lakini hakikiachi kabisa, kimebaki kimekigusa juu, na jasho lake linang'aa kwenye plastiki. Nyuma yake mtu anasema, "Tulia. Tulia hapohapo, usimguse." Mlinzi anakuna shingo, anatazama upande ambao hakuna kitu, kisha anaondoka. Kwenye kioo hakuna kilichotokea, na kijana anapumua kana kwamba amefunga penalti.

Hiyo pumzi ndiyo kazi ya fundi. Mlinzi akiona upesi mno, mchezaji anasema gemu linambania na anaweka pedi chini. Akiwa mjinga mno, hakuna wa kumwogopa. Lazima aone, lakini kati ya kuona na kuamini apewe nafasi finyu ya kusita, na nafasi hiyo ndiyo ambayo mchezaji ananunua kwa pesa yake. Ndiyo maana walinzi hawa huongea peke yao, jambo ambalo mlinzi wa duka la dhahabu hapa mjini hawezi kulifanya akabaki na kazi. Wanaongea kwa sababu fundi ana deni la haki kwa mchezaji: akishindwa, ajue kwa nini. Katika Splinter Cell: Conviction ya mwaka 2010, deni hilo lililipwa kwa picha. Ukitoweka machoni mwa walinzi, kivuli chako kinabaki mahali walipokuona mwisho, nao wanakishambulia huku wewe ukizunguka nyuma yao. Unaona kosa lao wakiwa ndani yake.

Msomaji wa Kiswahili alikuwa na jasusi wake kabla ya haya yote. Willy Gamba wa mwandishi Elvis Musiba alianza kazi katika riwaya ya Kufa na Kupona mwaka 1974, wakati Dar es Salaam ikiwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) na maadui wake wakijulikana kwa jina. Katika Kikosi cha Kisasi, Gamba alipelekwa Kinshasa. Sam Fisher naye alifika Kinshasa, katika Double Agent ya mwaka 2006. Kinshasa ya Musiba ina mahoteli, starehe za usiku na watu wenye maneno. Ile ya Fisher, ukishatoka hotelini, ni mitaa ya vita tu, na hapo Musiba amewazidi mbali. Lakini adui wa Gamba hufanya kile mwandishi alichoamua, mara moja, milele. Mlinzi wa Fisher hajui utatokea dirishani au darini, na lazima awe na la kufanya kwa kila njia utakayochagua. Kwa hiyo fundi wa gemu hamwandikii mlinzi tukio. Anamwandikia tabia.

Hadithi zenyewe za Splinter Cell sizisifu. Juu ya jalada kuna jina la mwandishi Tom Clancy, na ndani kuna mtu mmoja anayeizuia dunia isilipuke. Sisi tunayo tarehe inayokataa hadithi hiyo: Agosti 7, 1998, mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, Dar es Salaam 11. Jasusi wa taa tatu hakuwapo. Waliokuwapo ni walinzi wa getini. Nairobi, walinzi wasio na bunduki waliwakatalia washambuliaji lango. Dar es Salaam, walinzi walikuwa miongoni mwa waliouawa. Wanaokutana kwanza na ugaidi ni watu ambao gemu limewapa nafasi ya kupigwa kabari gizani na kuburutwa nyuma ya kontena.

Ndiyo maana naona ufundi huu una kazi moja ambayo bado haujaimaliza, na ningependa vijana wa huku wanaojifunza kuandika programu waijaribu: wampe mchezaji rungu na tochi. Vifaa viko tayari, maana masikio, kivuli, shaka na kelele za mahali vimeshatengenezwa kwa miongo. Usiku wenyewe tunao. Usukumani ulinzi haujawahi kuwa jicho la mtu mmoja. Sungusungu walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowachosha watu, walitegemea mwano, yaani yowe la kuita msaada, unaopokewa boma kwa boma mpaka kila mwenye upinde yuko nje. Hebu fikiria gemu ambamo wewe ndiye unayesikia kitu kidogo nyuma ya ukuta, karasha limezimika punde, na lazima uamue: ni paka, ni jirani anayerudi zamu ya usiku, au ni mwizi? Ukipiga mwano bure, kesho hakuna atakayeamka. Ukinyamaza, kesho unaulizwa ulikuwa wapi. Mafundi wametumia miaka mingi kumfanya mlinzi asite kwa haki. Mchezaji akisita mwenyewe kwa niaba yake, ndipo atakapojua kazi ile ilikuwa nzito kiasi gani.