Katika Kuzitafuta Rili za Kale

Miongoni mwa halaiki ya watu wanaohudhuria gulio la vitu vya kale huko Brimfield, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, gulio lililoasisiwa mwaka 1959 na ambalo siku hizi hufanywa mara tatu kwa mwaka, wapo wachache wasioshughulika na makabati wala vyombo vya kauri. Hao hufika alfajiri, kurunzi mkononi, wakainamia masanduku ya vikorokoro ambayo hata mchuuzi mwenyewe hajui yana nini, wakitafuta rili, kile kigurudumu kifungwacho kwenye ufito wa mvuvi ili kukunja mshipi. Mvuvi wa Pwani yetu, aliyerithi kwa wazee wake kuukunja mshipi kwa viganja, huenda akawacheka. Na acheke, lakini kwanza atiwe mkononi rili moja ya akina Meek wa Kentucky, aizungushe.

Sanaa ya kuunda rili hawakuianzisha wavuvi, bali mafundi wa saa. George Snyder, fundi wa saa na sonara katika mji wa Paris ulioko Kentucky, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi, mapema katika karne ya 19, wa ile rili ya Kentucky ambayo mpini wake ukizungushwa mara moja, kigurudumu cha ndani huzunguka mara kadhaa. Na baada yake ndugu wawili wa Frankfort, mji wa Kentucky vilevile, Jonathan na Benjamin Meek, nao pia mafundi wa saa, pamoja na mwanafunzi wao Benjamin Milam, wakaitimiza kazi hiyo kwa ustadi usio na kifani. Katika rili zao, parafujo zilitiwa nambari, kila moja na tundu lake, kwa kuwa iliundwa kwa tundu hilo tu. Nasaba hiyo ya saa haikukatika: kiwanda cha ABU cha Svängsta nchini Sweden, kilichotoa rili ya Ambassadeur katika mwaka 1952, kiliasisiwa mwaka 1921 kwa ajili ya kutengeneza saa, na rili za Mitchell zilitoka Cluses, mji wa Ufaransa uliojulikana kwa sanaa hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo mtafutaji hodari halitazami jina kwanza. Hutazama vichwa vya parafujo, maana palipochubuka ndipo palipopita bisibisi isiyolingana, na aliyeifungua rili kwa pupa huenda aliharibu na yaliyomo. Hupitisha kidole chini ya mguu wa rili, kwani wenyewe wengi wa zamani waliuchonga kwa tupa ili uingie katika ufito wao, na rili ikapungua thamani daima dumu. Katika kazi za Edward vom Hofe, muundaji rili wa New York, ambaye alipenda kuoanisha mpira mgumu mweusi na ile aloi iitwayo fedha ya Kijerumani, isiyo na fedha hata chembe, hutazama kama weusi umegeuka hudhurungi, dalili ya kuachwa juani. Mwisho huisogeza sikioni na kuizungusha polepole; meno ya gia yaliyolika hayafichi siri. Aliyeisugua rili hadi ing'are kama sahani mpya amefuta umri wake, na kwa rai yangu hilo ni kosa kubwa kuliko kutu.

Kuhusu bei, adabu ni ile ile ya kila soko: usiishike rili kwa shauku ya dhahiri, wala usimdhalilishe mwenye mali kwa kumtajia senti.

Wapo wanaozifungia kabatini. Mimi naafikiana na wanaozitia tone la mafuta na kwenda nazo mtoni, kwa sharti kwamba maji yawe matamu; kwa maji ya chumvi ziko rili za Penn Senator za Philadelphia, zilizotolewa tangu 1936, ambazo manahodha wa mashua za uvuvi wa Malindi wanazijua vyema, na ambazo hazina makuu.