Tamthilia Isiyosahau

Tamthilia ya televisheni husifiwa kwanza kwa yale yanayoonekana kwenye tangazo lake: waigizaji hodari, picha safi, kisa kinachomwacha mtazamaji roho juu. Yote hayo filamu ya saa mbili inayo, na mara nyingi inayo zaidi kwa kuwa fedha zake ni nyingi. Isichokuwa nacho ni muda. Tamthilia iliyodumu hewani miaka mitano au sita imekaa na watu walewale kwa makumi ya saa, na hapo ndipo pa kuipima: tendo la msimu wa kwanza lingali na uzito katika msimu wa nne, au limefutwa ili kisa kipya kipate nafasi? Kwa kipimo hicho sioni iliyoipita The Wire, iliyoonyeshwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia 2002 hadi 2008, sehemu 60 kwa jumla, na ambayo haikuwahi kupata hata tuzo moja ya Emmy.

David Simon, aliyeibuni, alikuwa mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la Baltimore Sun. Mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa kesi za mauaji katika jiji hilohilo la Baltimore, kisha akawa mwalimu wa shule. Watu wa kazi hizo wanajua kwamba jalada likifungwa, waliotajwa ndani yake bado wanaishi. Ndiyo maana hadithi yao haina haraka. Mwanzoni kabisa mwa msimu wa kwanza, D'Angelo Barksdale anawakuta Bodie na Wallace, vijana wanaouza unga uani kwenye nyumba za halmashauri, wakicheza drafti kwa kete za sataranji. Anawafundisha mchezo wenyewe: mfalme hulindwa na wote, na kete ndogo za mbele huliwa mapema. Bodie anashikilia kwamba kete ndogo iliyo janja itafika ng'ambo. Msimu huo haujaisha, Bodie anashiriki kumuua Wallace, rafiki yake, kwa amri kutoka juu. Mwaka 2006, msimu wa nne, Bodie aliyechoka kuona wenzake wanauawa ovyo anakaa na polisi McNulty na kujilinganisha na zile kete ndogo. Muda mfupi baadaye anauawa kwenye kona yake, amekataa kukimbia. Hakuna anayemkumbusha mtazamaji lile somo la uani, wala picha za zamani hazirudishwi kwenye skrini. Waandishi walimwamini mtazamaji kwamba naye amelibeba kwa miaka minne.

Ushahidi ulio mzito zaidi, kwangu, ni Prez. Tunamjua kwanza kama polisi mzembe anayelindwa na cheo cha baba mkwe wake. Usiku mmoja, amelewa, anampiga kijana usoni kwa kitako cha bastola, na kijana anapoteza jicho. Katika tamthilia nyingi kosa la namna hiyo lingemfanya aondolewe kama mtu mbaya, au asamehewe kabla ya matangazo ya biashara. Hapa anawekwa ofisini, na inagundulika kwamba ana kipaji cha kusoma nyaraka na namba. Msimu wa tatu anampiga risasi polisi mwenzake mweusi aliyekuwa kazini bila sare, akidhani ni mhalifu, na kazi inamshinda. Msimu wa nne yuko darasani akifundisha hesabu watoto wa rika lisilopishana sana na la yule aliyemtoa jicho. Mwalimu huyo anayemfulia nguo mwanafunzi maskini aitwaye Dukie ni yuleyule mwenye bastola, na hadithi haimruhusu mtazamaji kumchagua mmoja na kumsahau mwingine. Saa mbili za filamu zingeweza kutueleza kwamba mtu amebadilika. Kutufanya tuwe na mashaka naye, kisha tumheshimu huku mashaka yakiwa hayajakwisha, kunahitaji miaka.

Kuna watakaosema kipimo hiki ni cha kuonea. Columbo, kwa mfano, ilipendwa dunia nzima ingawa kila sehemu ilianza upya na mpelelezi wake hakubadilika hata koti. Hilo ni kweli, na Columbo ni kazi bora. Ila ni mfululizo wa filamu fupi zinazochangia mhusika mmoja, na kila moja inasimama au kuanguka peke yake. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mtu aliyerudi nyumbani amechoka: kwa nini apewe mzigo wa kukumbuka? Lakini watazamaji haohao, wanaofuata tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, hukumbuka vizuri kuliko waandishi wenyewe nani alimdhulumu nani miezi sita iliyopita, na hukasirika aliyezikwa anaporudi mzima bila maelezo. Uvumilivu wao si haba. Mara nyingi kinachokosekana ni uaminifu wa hadithi kwao.

Wala urefu peke yake si sifa. Kituo kikiona tangazo linalipa, kisa huvutwa mpaka kichanike. Hata The Wire ilijikwaa mwishoni: msimu wa tano ulipewa sehemu 10 tu, na ndani yake McNulty anabuni muuaji asiyekuwepo ili polisi wapate fedha, kisa kinachokwenda mbio kuliko watu wake. Ila katikati ya purukushani hiyo Dukie anarudi kumwomba mwalimu wake pesa, kwa kisingizio cha masomo. Prez anashuku zitakwenda kwenye unga, na anampa. Kitendo hicho cha dakika chache kinabeba jicho lililotoka, risasi ya kimakosa na zile nguo zilizofuliwa, na kina uzito ambao ule uongo mzima wa McNulty haukuweza kuufikia.