Mtoto wa Msokota Juti

Ukishika gunia la juti, lile la kahawia wanalopakia korosho kule Mtwara, umeshika kitu kilichoulisha mji wa Dundee, mashariki mwa Uskoti, kwa vizazi kadhaa. Juti ilifika kwa meli kutoka Bengal, ikalainishwa kwa mafuta ya nyangumi, kisha ikasokotwa na kufumwa. Kazi hiyo ilikuwa zaidi ya wanawake. Wanaume wengi walikosa ajira wakabaki nyumbani, wakatungiwa jina la utani la wachemsha birika. Mitambo ilinguruma kiasi kwamba wafumaji waliongea kwa midomo isiyotoa sauti na kwa ishara za vidole. Katika viwanda hivyo, miongoni mwa wasokotaji, alifanya kazi mama yake mwigizaji Brian Cox.

Nimeanzia kiwandani kwa sababu kila nikimtazama Cox kwenye skrini namwona mtu aliyekwisha kusema kabla hajafungua kinywa. Sina njia ya kuthibitisha kwamba alijifunza kwa wanawake wale, lakini siwezi tena kuyatazama macho yake bila kuwakumbuka.

Alizaliwa tarehe 1 Juni 1946, kitinda mimba wa watoto watano. Baba yake, mwenye duka, alifariki Brian akiwa na miaka minane tu. Mama naye akaugua kwa msongo, na dada zake wakubwa ndio waliobeba malezi. Cox amesimulia jinsi alivyokwenda duka la chipsi kuomba chembe za unga zilizobaki kwenye mafuta baada ya samaki kukaangwa, familia ipate cha kutia mdomoni. Shule haikumshika. Akiwa bado kijana mdogo aliingia Dundee Repertory Theatre, akawa mtu wa kutumwa huku na kule na kupiga deki jukwaa. Naipenda sana picha hiyo ya kijana na dekio. Kabla ya kusimama mbele ya watu, alilijua jukwaa kwa magoti na mikono, kama fundi mwanagenzi anavyoijua karakana kwa kuifagia. Kisha akaenda London, katika chuo cha uigizaji cha LAMDA, akamaliza mwaka 1965, na toka hapo ni kazi juu ya kazi.

Laiti ningekuwepo Stratford mwaka 1987. Katika ukumbi wa Swan, mwongozaji Deborah Warner aliweka jukwaani Titus Andronicus ya Shakespeare bila kukata hata mstari, na Cox akawa Titus, jemadari mzee wa Roma. Kuna mahali katika tamthilia hiyo Titus anakubali kukatwa mkono ili wanawe wawili wasiuawe. Mkono unapelekwa. Mara mjumbe anarudi nao, pamoja na vichwa vya wale wanawe. Sote tunangoja kilio. Titus anacheka. Ndugu yake anamuuliza kwa nini anacheka saa kama ile.

Kicheko hicho kiliandikwa na Shakespeare mwenyewe, na ni mtego mbaya kwa mwigizaji. Akicheka kwa kujionyesha, hadhira itacheka naye na msiba umepotea. Akicheka kwa woga, hakuna atakayeamini. Lazima kicheko kitoke tumboni, palepale kinapoanzia kilio, na pumzi iwe moja. Waliokaa matanga wanakijua. Ni kile cha mfiwa aliyelia siku tatu hata machozi yakakauka, halafu kitu kidogo tu kinamfanya aangue kicheko, na waliomzunguka wanakosa pa kutazama. Cox alipata tuzo ya Olivier kwa kazi ile, na hata leo anaihesabu kuwa kubwa kuliko zote alizofanya jukwaani.

Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amefanya kinyume kabisa, akabana kila kitu. Katika filamu ya Manhunter ndiye wa kwanza kumwigiza Hannibal Lecktor, daktari muuaji. Tunamkuta katika seli nyeupe, kavaa nguo nyeupe, amelala akimpa mgeni mgongo. Hageuki. Anamtambua mgeni kwa harufu ya manukato anayojipaka baada ya kunyoa. Baadaye Anthony Hopkins alilichukua jina lile likatikisa dunia, na Cox husimulia kwamba yeye alipokuwa Lecktor, Hopkins alikuwa King Lear jukwaani London; Hopkins alipokuwa Lecter, yeye naye alikuwa Lear. Mimi bado namwogopa zaidi yule aliyelala.

Tawasifu yake ya mwaka 2021 Cox ameipa jina la kumtia sungura kofiani. Sisi watazamaji tunashangilia sungura anapotolewa, na mwenye kiini macho anajua kwamba kazi yote ilikuwa kumtia bila kuonekana.

Cox alikuwa ametimiza miaka 72 tamthilia ya televisheni ya Succession ilipoanza mwaka 2018, naye akawa Logan Roy, tajiri wa vyombo vya habari anayewatetemesha wanawe. Mwanzoni aliambiwa Logan ni mzaliwa wa Quebec. Msimu wa kwanza ukikaribia kwisha, waandishi wakabadilisha bila kumwarifu, na mahali pa kuzaliwa pakawa Dundee. Zaidi ya nusu karne tangu aliweke dekio chini, mji wake ulimfuata hadi ndani ya mhusika.

Lakini sehemu ninayoirudia ni ya nyuma kidogo, katika kipindi cha saba cha msimu huo. Logan anaingia kwenye bwawa la kuogelea, na kwa mara ya kwanza tunauona mgongo wake. Umejaa makovu ya zamani. Hakuna anayeuliza, wala yeye haelezi. Anaogelea tu, taratibu, uso hatuuoni, na maji yanapita juu ya makovu.