Faili Moja Kati ya Mtu na Kompyuta Yake

Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Marekani ya CrowdStrike ilisambaza sasisho dogo la programu yake ya ulinzi, Falcon. Ilipofika saa 2:27 ilikuwa imeshaliondoa. Dakika hizo 78 zilitosha kuangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Mashine ziliwaka, zikaonyesha skrini ya bluu, zikajizima na kuwaka tena, bila kufika penye dirisha la nywila.

Anayeshindwa kuingia kwenye kompyuta huishuku nywila kwanza. Fundi makini huanza kwa kuuliza mashine inakwama hatua gani. Dirisha likitokea na kukataa nywila, kagua kibodi na akaunti. Nywila ikikubaliwa kisha skrini ikarudi palepale, tazama kama diski imejaa au mafaili ya mtumiaji huyo yameharibika. Siku ile dirisha lenyewe halikutokea, kwa hiyo kosa lilikuwa ndani zaidi, katika vitu vinavyopakiwa kabla mtumiaji hajatambuliwa.

Na huko ndiko Falcon inakokaa. Draiva yake hupakiwa mapema, ndani ya kiini cha mfumo, ili virusi visiitangulie. Sasisho lilileta faili ya maelekezo namba 291, ambayo kwa mara ya kwanza ilitaka draiva ikague taarifa ya 21, ilhali programu ilikuwa ikiipatia taarifa 20 tu. Ilipoitafuta ile ya 21 ikasoma eneo la kumbukumbu lisilo lake. Programu ya kawaida ikikosea hivyo hufungwa peke yake. Kosa likitokea ndani ya kiini, Windows husimamisha mashine nzima. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu Februari, ila matoleo ya awali ya faili hayakuwahi kuigusa taarifa hiyo ya 21.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi: kuiwasha kompyuta katika hali salama, ambamo Windows hupakia vya lazima tu, kufungua folda ya CrowdStrike iliyo ndani ya folda ya draiva, kufuta faili inayoanza na C-00000291, kisha kuwasha upya.

Kazi kubwa ilikuwa kuifikisha dawa hiyo. Idara za TEHAMA zimezoea kutengeneza kompyuta kupitia mtandao, lakini mashine inayoanguka kabla ya kupokea amri haitengenezeki kutoka mbali. Ilibidi mafundi wazifuate mezani, kaunta kwa kaunta, katika viwanja vya ndege, hospitali na benki. Kwa kompyuta pepe zilizomo katika Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, kampuni hiyo ilieleza kuwa baadhi ya wateja walifanikiwa kwa kuziwasha upya tu, wengine hadi mara 15.

Halafu kulikuwa na BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski. Ukitaka kuingia katika hali salama, diski iliyofungwa nayo hudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kukuruhusu kugusa faili, na kuuandika kwa mkono kwenye kila kompyuta ni kualika makosa. Tawi la Australia la kampuni ya Grant Thornton lilipata njia inayostahili sifa kubwa. Wataalamu wake walitambua kwamba skana ya dukani, kwa kompyuta, ni kibodi tu. Wakageuza funguo kuwa misimbopau, wakaionyesha kwenye skrini ya kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi, na kila mashine iliyokwama ikasomewa ufunguo wake kwa skana. Huo ni ufundi wa kweli: kukijua kifaa kinafanya nini, hata kama kilinunuliwa kwa kazi nyingine.

Kufikia tarehe 29 Julai, CrowdStrike ilisema takriban asilimia 99 ya mashine za Windows zenye programu yake zilikuwa zimerudi hewani. Kampuni hiyo sasa hutoa masasisho ya aina hiyo kwa awamu, na wateja wamepewa uwezo wa kuamua yawafikie lini.