Kipaza Sauti Kimoja, Ngoma Tisa

Tamasha dogo la ngoma nililohudhuria Nyakitonto, Kasulu, lilifanyika malishoni, kando ya zizi la ng'ombe. Hapakuwa na jukwaa wala tiketi. Wapigaji tisa walijipanga nusu duara kwa mtindo wa majirani zetu wa Burundi, ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Katika mtindo huo ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Ibishikiso huifuata. Amashako hushika pigo moja bila kukatika; ukiziondoa, kiongozi hana ardhi ya kukanyaga.

Ndiyo maana sikuridhika na kipaza sauti kimoja kilichowekwa mbele ya inkiranya. Spika zilitupa mpigaji mmoja hodari, wenzake wanane wakawa mapambo. Nilipohamia ubavuni, mbali na spika, nilisikia muziki mwingine kabisa: pigo la amashako likipanda miguuni, na vigelegele vya kina mama vikiangukia pale pale mdundo unapogeuka.

Mpango ule wa sauti umeazimwa kwenye bendi, ambako mwimbaji husimama mbele. Ngoma hizi hazina mwimbaji wa mbele. Kijana anayejifunza kwa kusikiliza spika atatamani ngoma ya katikati tu. Pigo atalishika nani?

Rai yangu kwa waandaaji: mwakani zimeni spika. Uwanja ule ni mdogo. Ngoma tisa zinautosha.